Kazi Iko Kwenye Msasa

   

Kwa wiki tatu sasa, kila aliyepita uani kwetu asubuhi amesikia sauti moja: shaa, shaa, shaa. Mama mmoja alisimama na ndoo yake kichwani akauliza kama tunasugua sufuria za harusi. Nikamwambia, hapana mama, tunasugua gari.

Gari lenyewe ni Toyota HiAce kuukuu. Liliwahi kuwa basi dogo la abiria. Baadaye viti vikang'olewa, na sasa linabeba vitunguu, nyanya na magunia ya mahindi kati ya Mponela, Dowa na kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi. Mwenye gari ni bambo mmoja, yaani mzee wa Kimalawi, wa kijiji cha karibu. Anayeliendesha na kulitunza ni jirani yangu, baba wa watoto wanne, mtu wa Fizi kule Kongo. Wameshirikiana miaka sita. Mapato wanagawana, matengenezo wanachangia. Mwezi wa nne, mvua zilipokuwa zinaaga, kutu ilitoboa chini ya mlango wa pembeni mpaka ukiwa umekaa ndani unaiona barabara. Bambo akasema: ama tulipake rangi, ama tuliuze vipande vipande. Jirani akanijia mimi, kwa sababu anajua kwamba ujanani nilishika kazi ya gereji kule Uvira.

Tangu siku hiyo wengi wameniuliza: rangi mmenunua wapi, na kwa kiasi gani? Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za msasa. Ndiyo maana nimeomba dakika hizi za leo nizungumze nanyi. Mtu mwenye pesa kidogo hukimbilia kununua rangi kwanza, na pesa yake yote huishia ndani ya kopo. Anapaka Jumamosi, gari linang'aa Jumapili, na mvua ya kwanza ya Novemba inaibandua rangi kama ganda la muhogo uliochemshwa. Katika kazi hii rangi ndiyo sehemu fupi. Sisi tumefanya kazi siku kumi na saba, na siku za kupaka rangi zilikuwa nne.

Kwa nini hatukulipeleka gereji? Tulijaribu. Jirani yangu alipata ruhusa ya kutoka, tukaenda Lilongwe na bambo, tukazunguka Old Town kuulizia. Fundi wa kwanza alitutajia bei ya kununulia injini. Simlaumu. Rangi nzuri ya gari, ile ya kuchanganya na kigumishi, inatoka nje ya nchi na inanunuliwa kwa dola, na nyote mnakumbuka Novemba 2023, Benki Kuu ilipotangaza kushusha kwacha kwa asilimia 44, dola iliyokuwa kwacha 1,180 ikaamkia 1,700. Kila kopo lililokuwa kwenye rafu lilipanda nalo. Halafu kuna umeme. Januari 2022 dhoruba ya Ana iliharibu bwawa la Kapichira, nchi ikapoteza megawati karibu 130 kwa pigo moja. Fundi aliyekuwa na kompresa siku zile anajua uchungu wa kusimama na bunduki ya rangi mkononi, mlango umepakwa nusu, na umeme umekwenda zake.

Tukaamua: hakuna kompresa. Tutapaka kwa rola ya sponji, ile ndogo ya upana wa kiganja, na rangi itakuwa ya mafuta, hii hii inayopakwa milango na madirisha ya chuma.

Najua wapo wanaocheka hapo. Gari kupakwa kwa rola! Lakini magari ya kwanza kabisa duniani yalipakwa kwa brashi. Kule Marekani rangi ilipakwa tabaka juu ya tabaka, kila moja ikasubiriwa, ikasuguliwa, na gari moja liliweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kutoka kiwandani. Ilikuwa miaka ya 1923 na 1924 ndipo kampuni ya DuPont ilipoleta rangi ya kupulizwa inayokauka upesi. Waliiita Duco, na jina hilo bado lipo vinywani mwa mafundi wa Afrika Mashariki wanaosema “duko”. Kwa hiyo anayepaka gari kwa mkono anafanya kazi kongwe kuliko ya kupuliza. Anachohitaji ni ule uvumilivu wa wale wa zamani.

Na kupuliza kuna hatari ambayo watu hawaisemi. Kigumishi cha zile rangi za kisasa kina kemikali ziitwazo isosayaneti. Zikipulizwa hewani na kuvutwa, zinaweza kumpa mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Katika gereji kubwa mpulizaji huvaa kifaa kinachomletea hewa safi kwa mpira. Mimi siwezi kuruhusu rangi hiyo ipulizwe katika ua ambamo nyumba na nyumba zinapumuliana. Hata kama tungepewa bure.

Sasa turudi kwenye msasa. Kabla haujawa karatasi, msasa ulikuwa mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na maseremala wa pwani waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya mchanga ilipokuja dukani ikarithi jina la mti. Nawaambia vijana wanaonisaidia: anayeshika msasa ameshika jani, na jani halitaki nguvu, linataka kurudiwa. Ukikandamiza unachimba bati. Ukipitisha mkono mwepesi mara mia, bati linakuwa shavu la mtoto.

Gari letu lilikuwa na tabaka nne. Juu, nyeupe ya kuchakaa. Chini yake buluu, iliyopakwa kwa haraka maana tulikuta nywele za brashi zimenasa ndani. Chini ya buluu, mkanda wa njano ubavuni. Na chini kabisa, nyeupe ya kiwandani, ile iliyookwa Japani, bado imeshikamana na bati kama kucha na kidole. Rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri haitolewi. Inakwaruzwa tu ipate meno ya kushikia rangi mpya. Zinazotolewa ni zile zilizovimba, zilizopasuka na zilizokaa juu ya kutu.

Ule mkanda wa njano ndio ulionifanya niwasimamishe vijana. Na hapa naomba akina mama wapunguze kelele za sufuria kidogo, kwa sababu jambo hili ni lao kuliko la mafundi.

Rangi za njano, za machungwa na nyekundu za zamani mara nyingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Si risasi ya bunduki. Ni metali yenyewe, ile nzito inayotiwa ndani ya betri za magari. Rangi ikiwa imetulia juu ya gari haina neno. Ukiikwangua ikiwa kavu inakuwa vumbi, vumbi linatua kwenye mchanga, mtoto anacheza mchangani, mkono unakwenda kinywani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Inashambulia ubongo unaokua. Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi kuliko wa mtu mzima aliyekula kiasi kilekile. Na mtoto haonyeshi homa wala upele. Anachelewa tu kusoma, anasahau, anakosa utulivu, na mzazi anasema mwanangu ni mtundu.

Wala si mambo ya rangi za kale peke yake. Mwaka 2021 shirika la LEEP lilipima rangi za mafuta zinazouzwa katika maduka ya Malawi, na makopo mengi yakakutwa na risasi nyingi kupita kiasi kinachopendekezwa, ambacho ni sehemu 90 katika milioni. Shirika la Viwango la nchi hii, MBS, likakubali kuanza kuzifuatilia rangi hizo. Kwa hiyo ukinunua kopo, uliza kama limeandikwa kuwa halina risasi. Muuzaji asiyejua ataulizia kwa aliyemuuzia, na hivyo swali linapanda mpaka kiwandani.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu 10,000 au 12,000 hivi. Leo tumevuka 50,000. Hakuna ua wa mtu mmoja hapa. Vumbi ninalolitoa mimi saa tatu asubuhi, saa nne liko kwenye dagaa walioanikwa na jirani. Siwezi kusema gari ni letu na vumbi ni letu.

Kwa hiyo tulisugua kwa maji. Msasa wa maji upo, ni ule mweusi. Unauchovya kwenye ndoo, unasugua, unachovya tena, na rangi inatoka kama uji badala ya kuruka. Lakini maji! Najua mnachowaza, kwa sababu mimi pia nasimama kwenye foleni ya kisima. Jirani yangu hakuwa na uso wa kumwaga maji ya kunywa juu ya gari mbele ya watu waliopanga ndoo tangu alfajiri. Mkewe ndiye aliyetatua. Alituwekea maji ya mwisho ya kusuuza nguo, yale yenye povu jepesi. Ni bora hata kuliko maji safi, maana sabuni inateleza na msasa hauzibi upesi. Ndoo mbili kwa siku zilitutosha.

Chini ya gari tulitandika plastiki ya zamani, ile ya kuezekea. Uji wa rangi ulidondokea humo. Jioni tuliuacha utuame, tukachota maji ya juu, na tope lililobaki tukalikausha kivulini, tukalifunga ndani ya mifuko miwili na kulizika mbali na kisima na bustani. Hatukumwaga kwenye mchicha wa mtu. Watoto tuliwakataza kukaribia, na kwa kuwa katazo peke yake halimzuii mtoto, mke wa jirani alifunga kamba ya nguo kuzunguka gari na kuanika vitenge juu yake. Gari likafanyiwa kazi ndani ya chumba cha vitenge. Nasi tulinawa mikono kabla ya kula na kuacha nguo za kazi nje.

Baada ya tope, kutu. Hapo nitapita upesi kwa sababu kutu haina siri: ondoa yote. Brashi ya waya, msasa namba 80, na mahali ilipotoboa kata mpaka ufike kwenye chuma kizima. Jambo moja tu nalitilia mkazo. Tundu halizibwi kwa puti. Nimeona magari yaliyozibwa kwa magazeti na puti juu yake, yakapakwa rangi, yakauzwa. Nyuma ya puti maji yanaingia kupitia mlangoni, na baada ya masika moja kipande kizima kinadondoka njiani. Puti ni ya kusawazisha bonde dogo lenye kina cha ukucha. Tundu linataka bati. Sisi tulikata mlango wa friji iliyokufa, na fundi wa kuchomelea wa hapa hapa akatushikia vipande vitatu. Hiyo ndiyo gharama ya kwanza kubwa tuliyolipa, na ninaiona kuwa kwacha iliyotumika vizuri kuliko zote.

Nimetaja puti. Nilipomwambia kijana wa kwanza, mtoto wa watu wa Bujumbura, anipe puti, alisimama ananitazama. Nikasema mastiki, akaelewa. Kijana wa pili, Mmalawi, hakuelewa puti wala mastiki, mpaka niliposema bodi fila. Fundi wa kuchomelea alikaa Nairobi miaka mingi, kwake ni fila tu. Siku ya tatu wote wanne tulikuwa tunasema mastiki, sijui kwa nini neno hilo ndilo lililoshinda. Limebaki hivyo.

Mastiki basi. Inachanganywa na kigumishi kidogo sana, kama punje ya haragwe kwa donge la yai. Ukizidisha inaganda mkononi kabla hujaipaka, na rangi ya juu baadaye huweza kutoka madoa. Na hii msisugue kwa maji, kwa sababu mastiki inakunywa maji kama mkate, na maji hayo yatafungiwa chini ya rangi na kuanzisha kutu upya. Isugueni ikiwa kavu, pua zimefunikwa vizuri, namba 80 kisha 180. Sasa hatari ya risasi imepungua kwa sababu rangi ya zamani ya eneo hilo imeshatolewa kwa maji. Mpangilio huo, wa maji kwanza na ukavu baadaye, ukiupindua unaharibu gari au unamdhuru mtoto.

Tukapaka praima nyekundu ya chuma, ile ya mageti. Ni ya bei nafuu na inashika.

Hapo ndipo tulipopata pigo. Rangi ya mafuta inazimuliwa kwa tapentaini. Duka moja mjini lilitupa chupa na kutuhakikishia ni tapentaini. Nilipaka kipande cha mlango wa nyuma, na baada ya dakika kumi rangi ya chini ilianza kukunjamana kama utando wa maziwa yanayopoa. Ilikuwa thina ya rangi za kupuliza, kali, inayokula rangi nyingine. Jirani yangu alikaa chini kwenye tofali, hakusema kitu kwa muda mrefu. Pesa ile ilikuwa ya ada ya shule. Tulisugua mlango ule siku mbili zaidi. Tangu hapo kila kitu kinajaribiwa kwanza sehemu isiyoonekana, ndani ya fremu ya mlango, na kinalala usiku mmoja. Na tafadhali, wale wanaozimua rangi kwa petroli kwa kuwa ipo karibu: rangi inapoteza mng'ao, na cheche ya jiko la jirani ikikutana na mvuke wa petroli hakuna gari wala nyumba.

Kipimo. HiAce ukiondoa vioo ina eneo la nje la mita za mraba 20 hivi. Lita moja ya rangi ya mafuta inapaka mita za mraba 10 hadi 12 ikipakwa nzito kama inavyotoka kopo. Sisi tuliizimua iwe nyepesi kama maziwa, kwa hiyo inakwenda mbali lakini inafunika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Mkono wa kwanza unaona chini yake kama pazia. Usiogope, usiongeze. Subiri siku nzima. Mkono wa pili. Kisha msasa wa maji namba 600 kwa wepesi, kuondoa alama za rola na vidudu vilivyonasa. Mkono wa tatu, wa nne. Lita tano zilitutosha na ikabaki nusu lita ya kuzibia mikwaruzo. Rangi ya mafuta haikauki kwa kukaukiwa na kimiminika peke yake. Inavuta oksijeni hewani na kujifunga polepole. Ikipakwa nene, juu inafunga ngozi na chini inabaki mbichi wiki nzima.

Majira nayo ni nusu ya kazi. Kuanzia Novemba hadi Aprili kuna mvua. Agosti na Septemba upepo unainua vumbi jekundu la uwanda huu wa Dowa. Juni na Julai kuna baridi, rangi inachelewa. Mei ndiyo mwezi wetu. Hata hivyo Mei ina umande. Siku ya paa nilikuwa na tamaa ya kumaliza. Saa kumi jioni jua lilikuwa bado zuri, nikasema tupake. Asubuhi paa lote lilikuwa limefifia, jeupe la chaki, kwa sababu umande ulitua juu ya rangi iliyokuwa haijafunga. Hilo ni kosa langu mwenyewe, na niliwaomba radhi wenzangu, kwa kuwa wao ndio waliopanda juu kusugua tena. Sasa ratiba ni hii: saa tatu asubuhi umande ukishakauka, mpaka saa nane mchana. Baada ya hapo makopo yanafungwa, hata kama umebaki mlango mmoja.

Kuhusu rangi yenyewe palikuwa na mjadala mrefu. Jirani alitaka nyeusi. Amepita Nairobi, ameyaona matatu yalivyochorwa sura za wanamuziki na wachezaji, yanawaka taa. Mimi nilisema nyeupe, na bambo akaniunga mkono. Nyeusi inang'aa, na kila bonde ulilolisawazisha vibaya linaonekana kwenye mng'ao huo. Nyeupe inasamehe. Nyeupe pia haichemshi nyanya ndani mnamo Oktoba. Na kuna karatasi: rangi ya gari imeandikwa kwenye hati zake, na anayeibadilisha anapaswa kutoa taarifa kwa idara ya usalama barabarani, la sivyo kila kizuizi cha polisi kitakuwa maelezo marefu. Gari letu limeandikwa jeupe. Limerudi kuwa lilivyoandikwa.

Kilichobaki kilikuwa maandishi ya nyuma. Vijana walitaka DZALEKA EXPRESS kwa herufi kubwa, na walishatafuta kijana mmoja mchoraji, mkono wake mnauona kwenye mabango ya vinyozi. Mzee mmoja Mmalawi, rafiki wa bambo, alikuwa amekaa kivulini na sisi. Akasema kwa upole kwamba kwa watu wa rika lake neno Dzaleka ni gereza. Enzi za Rais Kamuzu Banda wafungwa wa kisiasa waliletwa hapa, na jina lenyewe linasikika kama mtu anayeapa kwamba hatarudia tena. Akasema, mimi sikatazi, ni jina la mahali na ninyi mmezaa watoto mahali hapa. Ila gari hili litapita vijijini, na wapo ambao baba zao hawakurudi.

Pakawa kimya. Kijana wa Bujumbura, aliyezaliwa hapa na asiyelijua gereza hilo ila kwa historia, ndiye aliyesema tuache. Yakapendekezwa mengine. Amahoro, yaani amani. Mungu Yupo. Mtu wa Fizi alitaka jina la ziwa, Tanganyika, na macho yake yalionyesha kwamba alitaka sana. Mwishowe likachaguliwa neno dogo analoliona dereva wa nyuma baada ya kupisha barabarani: ZIKOMO. Asante, kwa Kichewa. Na ubavuni, chini ya kitasa cha mlango wa dereva, kwa herufi ndogo ambazo lazima uinamie kuzisoma, mchoraji aliandika Tanganyika kwa buluu kama ile tuliyoikuta kwenye gari lenyewe, kijiko kimoja cha rangi iliyobaki kwa fundi mwingine. Hilo halikuamuliwa na kikao. Sijamuuliza nani alimtuma.

Mwanzoni mwa Novemba, wageni wa Lilongwe watakapokuja kwenye Tumaini, tamasha ambalo Menes la Plume alilianzisha hapa mwaka 2014, gari litakuwa na miezi mitano tangu lipakwe, na rangi itakuwa imekomaa kiasi cha kubeba spika na majukwaa bila kukwaruzika. Bambo ameshaahidi siku hizo tatu.

Kwa sasa rangi bado ni mbichi. Rangi mpya ikikutana na mpira wa mlango hushikana, na ukifungua asubuhi inabanduka mstari mzima. Kwa hiyo milango haifungwi kwa usiku saba. Tumeiegesha wazi kidogo, na kati ya kila mlango na mpira wake tumepachika vipande vya mabua ya mahindi, maana mavuno yamekwisha na mabua ni ya bure. Na kwa kuwa gari lisilofungwa haliachwi peke yake, jirani yangu analala ndani yake, juu ya magunia, na blanketi mbili. Jana usiku nilipotoka nje nilimkuta amekaa mlangoni na tochi ya simu, anamulika ubavu kutoka pembeni, anatafuta alama za rola. Aliniita niende nione kama nami naiona moja, karibu na kofia ya gurudumu la nyuma. Niliiona. Kesho saa tatu, umande ukikauka, tunaanza nayo, namba 600, kwa maji.